Maadili ya misaada ya kibinadamu kazini: mwongozo wa hatua kwa hatua

Karibu kila aliyeajiriwa na shirika la misaada amewahi kukaa kwenye semina akasomewa misingi minne: ubinadamu, kutopendelea, kutoegemea upande wowote, na uhuru. Wengi wanaweza kuitaja bila kusita. Ugumu huanza siku lori linapofika na mahema 300 huku familia zisizo na makazi ni 900, kiongozi wa eneo anakukabidhi orodha aliyokwisha kuiandika, na kijana mwenye bunduki kwenye kizuizi anataka kujua umebeba nini na unampelekea nani. Siku hiyo hakuna muda wa kufungua kabrasha la semina.

Nimewaandikia wanaokutana na waathirika ana kwa ana: wasimamizi wa ugawaji, waandikishaji, watunza stoo, madereva, wahasibu na wanaojitolea. Ninachoamini, na ndicho utakachokikuta katika kila hatua hapa chini, ni kwamba maadili hufanya kazi pale uamuzi unapokuwa umefanywa mapema, umeandikwa, na watu unaowahudumia wanaufahamu. Uamuzi ulioachwa usubiri shinikizo utafanywa na shinikizo lenyewe.

Hatua ya 1: Ijue misingi, na ujue upi unaubeba mwingine

Mwaka 1859, baada ya mapigano ya Solferino kaskazini mwa Italia, mfanyabiashara wa Geneva aitwaye Henry Dunant alikuta maelfu ya majeruhi wameachwa bila huduma. Akashirikiana na wenyeji, wengi wao wanawake, kuwahudumia wa pande zote mbili bila kuuliza nani alipigania nani. Mwaka 1863 ikazaliwa kamati iliyokuja kuwa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, na mwaka 1965 huko Vienna vyama vya Msalaba Mwekundu vikatangaza misingi saba. Umoja wa Mataifa ulichukua mitatu kati ya hiyo mwaka 1991 kwa azimio namba 46/182 la Baraza Kuu. Wa nne, uhuru, ukaongezwa baadaye. Hiyo ndiyo minne tunayosomewa leo.

Kwa kazi ya kila siku ishike hivi. Ubinadamu unataka mateso ya mtu yashughulikiwe popote yalipo, na heshima yake ilindwe wakati unamsaidia. Kutopendelea maana yake ni kwamba kigezo ni uhitaji peke yake, na mwenye shida kubwa zaidi ndiye anayeanza. Kabila, dini, chama na kujuana havina nafasi. Kutoegemea upande wowote ni kutoshiriki uhasama na kutobeba ajenda ya mgogoro. Uhuru ni kutokubali malengo ya serikali, jeshi au mfadhili yakuamulie nani apate nini.

Misingi hii haina uzito sawa, na jambo hili semina nyingi hulipita haraka. Miwili ya kwanza ndiyo lengo lenyewe. Miwili ya mwisho ni njia ya kulifikia: huegemei upande ili uruhusiwe kumfikia mgonjwa aliye ng'ambo ya pili, na unalinda uhuru wako ili mgao ufuate uhitaji. Mtu akitumia kutoegemea upande kama sababu ya kunyamaza wakati familia zinanyimwa maji, amegeuza njia kuwa lengo. Ukikwama, rudi kwenye swali la kwanza: nani ana shida kubwa kuliko wote hapa, na nini kinazuia tusimfikie?

Hatua ya 2: Uliza mahitaji bila kuahidi

Tathmini ya mahitaji ina madhara yake kabla hata ya msaada kufika. Ukimuuliza mama ana watoto wangapi na wanakula mara ngapi kwa siku, umempa tumaini kwamba kuna kitu kinakuja. Kwa hiyo jitambulishe kwanza, taja shirika lako, kisha sema wazi: “Leo tunauliza tu. Bado hatujajua kama tutaleta msaada, na ukikataa kujibu hutapoteza chochote.” Iseme kila nyumba, hata ukiwa umechoka na jua linazama.

Ukikaa na viongozi peke yao utapata mahitaji ya viongozi. Kaa na wanawake peke yao, mwulizaji akiwa mwanamke. Watafute wazee na watu wenye ulemavu walipo, maana hawatakuja kikaoni. Na katika kila kikao uliza swali hili moja ambalo watu wengi husahau: nani hayupo hapa, na kwa nini?

Kipimo cha upungufu usikitoe kichwani. Viwango vya Sphere, ambavyo mashirika ya misaada yalianza kuviandaa mwaka 1997, vinataja angalau lita 15 za maji kwa mtu kwa siku, bomba moja kwa watu wasiozidi 250, umbali usiozidi mita 500 hadi kwenye maji, na foleni isiyozidi dakika 30. Chakula ni kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku, choo kimoja kwa watu wasiozidi 20 hali ikishatulia, na eneo la kulala lenye paa la mita za mraba 3.5 kwa kila mtu. Namba hizi zina uso wa kibinadamu. Foleni ya maji ikichukua muda wa saa mbili, wanaoikalia kwa kawaida ni wasichana, na ndio watakaorudi na ndoo giza likiwa limeingia.

Hatua ya 3: Orodha ya majina

Nikiambiwa nichague sehemu moja tu ya kazi hii ya kuisimamia kwa macho yangu mwenyewe, nitachagua orodha. Aliyekosa kwenye orodha amekosa kila kinachofuata: hema, mgao, kadi ya zahanati. Na upendeleo mwingi unaolaumiwa siku ya ugawaji ulikwisha kufanyika wiki mbili kabla, kwenye daftari la mwandikishaji.

Anza na vigezo. Majina yaje baadaye. Kigezo kiandikwe kwa maneno ambayo watu wawili wasiofahamiana wakiyasoma watamchagua mtu yule yule. “Familia maskini” hakipimiki. “Familia iliyopoteza nyumba yote na haina mtu mzima anayeweza kufanya kazi” kinapimika. Vipeleke vigezo hivyo kwenye mkutano wa hadhara, visomwe kwa lugha ya pale, watu wabishane, na yale wanayoyajua wao kuliko wewe yaingie. Ukishamaliza, funga mjadala wa vigezo. Ukianza kuvibadilisha baada ya majina kutoka, kila atakayeachwa ataamini kwamba vilibadilishwa kwa ajili yake, na hutakuwa na jibu.

Kiongozi wa eneo anawajua watu wake na huwezi kufanya kazi kwa kumruka. Mpe heshima yake, mweleze hatua zote mapema, mwombe akutambulishe. Lakini asiachiwe orodha peke yake, kwa faida yake mwenyewe pia: akiandika yeye, ndugu na majirani watamlaumu kwa kila jina lililokosekana. Orodha yake ichukue kama chanzo kimoja kati ya vitatu au vinne. Linganisha na ya wanawake, ya wahudumu wa afya, ya walimu. Majina yaliyomo kwenye moja na hayamo kwenye nyingine ndiyo ya kwenda kuyakagua nyumba kwa nyumba. Waandikishaji nao wasipangwe kwenye mitaa wanakoishi ndugu zao.

Wanaosahaulika wana sura zinazojirudia karibu kila mahali. Aliyelala ndani hawezi kuamka. Waliohifadhiwa na jamaa hawaonekani kama wakimbizi kwa sababu hawako kambini. Watoto wasio na mzazi wanakaa na familia nyingine ambayo tayari ina kadi yake. Watu wa jamii ndogo wamezoea kudharauliwa na hawatajitokeza mpaka waitwe. Na mke ambaye kadi imeandikwa jina la mumewe, siku wakiachana mgao huondoka na mume. Andika kadi kwa jina la mwanamke pale ambapo haitamletea kipigo nyumbani, na hilo waulize wanawake wenyewe kabla ya kuamua. Kwenye ndoa ya wake wengi, kila mke na watoto wake ni kaya yake.

Orodha ya mwisho isomwe hadharani na ibandikwe kwa siku kadhaa kabla ya mgao, ili aliyeachwa apate nafasi ya kukata rufaa na majirani wapate nafasi ya kusema “huyu hayupo hapa, alihama”. Kuna watu ambao jina lao likibandikwa linawaweka hatarini: aliyebakwa, anayeishi na virusi vya UKIMWI, anayejificha kutoka kwa kundi fulani. Hao waingie kwa namba, na sababu ya kuwachagua isiandikwe kwenye karatasi yoyote ya hadharani. Rufaa isikilizwe na mtu mwingine, asiwe yule aliyeandikisha.

Turudi kwenye mahema 300 na familia 900. Watu watapendekeza kura, au aliyetangulia kufika. Kura ina nafasi yake pale tu watu wanapokuwa wamelingana kabisa katika shida, na mara nyingi hawajalingana: kuna mwenye mtoto mchanga nje kwenye mvua, na kuna mwenye chumba kimoja kilichobaki. Panga kwa uzito wa shida, ziambie familia zote 900 mahema ni mangapi na kwa nini 300 hawa wametangulia, kisha sema lini utawapa taarifa ya mengine hata kama taarifa yenyewe itakuwa “hayajapatikana”. Huenda baada ya wewe kuondoka watu wakagawana upya wenyewe kwa wenyewe. Usikimbilie kuwafokea. Uliza kwanza kama wamegawana kwa hiari au kuna mtu amewapokonya. Haya ni mambo mawili tofauti, na la pili ndilo linalokuhusu.

Hatua ya 4: Siku ya ugawaji, angalia mkono unaopima

Simama karibu na meza ya kupimia na uangalie kopo. Likijazwa na kusawazishwa kwa kijiti kinachopita juu ya ukingo, mtu wa kwanza na wa mwisho wanapata sawa. Likichotwa kwa haraka bila kusawazishwa, linapungua kidogo kila mara, na anayepokea hawezi kubishana kwa sababu foleni nyuma yake inamsukuma. Gramu 100 zikikatwa kwa kila mtu kwenye mgao wa watu 2,000 ni kilo 200, yaani magunia manne ya kilo 50 yanayobaki stoo bila kuandikwa popote. Weka mizani ya pili kwenye mlango wa kutokea, mbali na wapimaji, na mtu asiye wa stoo aisimamie. Anayetaka kupima apime. Akikuta pungufu, anajaziwa hapo hapo mbele ya wote.

Bango kubwa likae mlangoni likionyesha kila mtu anapata nini, kwa michoro kwa ajili ya wasiosoma, na maneno “Msaada huu ni bure; usimpe mtu yeyote chochote ili uupate.” Dole gumba au sahihi ichukuliwe baada ya kupokea, kamwe si kabla. Wajawazito, wazee na wenye ulemavu wawe na mstari wao na pa kukaa. Kazi ianze mapema kiasi kwamba anayeishi mbali zaidi afike kwake kabla ya giza. Silaha zisiingie ndani ya uzio, hata za walinzi wa serikali. Wakilazimika kuwepo, wakae nje kwa umbali mliokubaliana kwa maandishi.

Hatua ya 5: Penye silaha, mistari myekundu iandikwe kabla

Ibara ya 3 inayopatikana katika Mikataba yote minne ya Geneva ya mwaka 1949 inalipatia shirika la kibinadamu lisilopendelea haki ya kujitolea kutoa huduma kwa pande zinazopigana katika vita vya ndani. Kijana wa kwenye kizuizi huenda hajawahi kuisikia. Kitakachomshawishi ni kile anachokijua kukuhusu kabla hujafika: kwamba gari lako halibebi askari wa upande wowote, kwamba ng'ambo ya pili unasema maneno yale yale unayomwambia yeye, na kwamba shangazi yake alitibiwa kwenye zahanati yako bila kuulizwa jina la ukoo.

Sifa hiyo hujengwa kwa mambo madogo. Usimpe lifti mwenye sare, hata akiwa na haraka na mnafahamiana. Majeruhi asiye tena na silaha anahudumiwa, lakini huyo ni mgonjwa. Usikodi gari lililokuwa la jeshi hata kama ni rahisi. Wafanyakazi wasiweke maoni ya kisiasa kwenye kurasa zao za mitandao wakati wa kazi hii, na waelezwe sababu badala ya kupigwa marufuku tu. Dereva apewe kauli fupi ya kusema kwenye kizuizi na namba ya kupiga, na apewe mamlaka ya kugeuza gari bila kuomba ruhusa. Ndani ya gari yeye ndiye anayeiona hali. Na ikumbukwe kwamba wengi wa wahudumu wa misaada wanaouawa kazini ni raia wa nchi husika, wale ambao hawaondoki na ndege hali ikichafuka. Uamuzi wa kupita au kutopita hauwezi kufanywa bila wao.

Wenye silaha wakiomba “kodi” au sehemu ya mzigo, jibu liwe limeamuliwa ofisini wiki zilizopita. Ukitoa mara moja, umeweka bei, na shirika linalokuja nyuma yako litalipa zaidi. Wanaopigana wanakula kwa msaada wako na vita vinarefuka. Kwa upande mwingine, kugeuza lori kunaweza kumaanisha watu wanakosa chakula wiki hiyo. Ndiyo maana mstari unaandikwa mapema: kipi hatutoi kamwe, kipi tunaweza kujadili, nani anajadili, na tukikataliwa tunajaribu njia gani nyingine.

Mfano mzito zaidi ni wa Goma, mwaka 1994. Mamia ya maelfu ya Wanyarwanda walivuka mpaka kuingia nchi iliyokuwa Zaire, na kipindupindu kikaanza kuwaua. Msaada ulikuwa wa lazima. Lakini miongoni mwao walikuwemo wanajeshi na wanamgambo walioongoza mauaji ya kimbari, nao wakashika uongozi wa kambi: wakadhibiti ugawaji, wakakuza idadi ya watu, wakauza ziada, wakawatisha waliotaka kurudi kwao. Tawi la Ufaransa la shirika la Madaktari Wasio na Mipaka liliondoka kambini mwishoni mwa mwaka huo likisema haliwezi kuendelea kuwalisha wauaji. Mashirika mengine yalibaki, yakisema mtoto mgonjwa hana hatia. Mimi naona pande zote mbili zilikuwa na hoja, na kwamba kosa kubwa lilitokea mapema zaidi: ugawaji ulipokabidhiwa kwa viongozi hao katika wiki za kwanza kwa kuwa ndiyo njia iliyokuwa ya haraka. Baada ya hapo kila chaguo lilikuwa baya. Nani anashika orodha, nani anashika kopo. Tunarudi hapo hapo.

Hatua ya 6: Mfadhili

Soma masharti ya mkataba kabla ya kusaini, hasa yale yanayotaja eneo na aina ya watu. Sharti la hesabu na ukaguzi ni halali na ulipende. Sharti la kuhudumia wilaya moja tu kwa sababu ya siasa zake, kukusanya habari za kijasusi, au kuwataka watu wahudhurie ibada ndipo wapate mgao, unalikataa. Kanuni za Maadili za mwaka 1994, zilizoandaliwa na Msalaba Mwekundu pamoja na mashirika yasiyo ya kiserikali, zinasema hivyo katika vifungu vyake 10. Mara nyingi mfadhili hulegeza ukimwandikia kwa hoja na takwimu. Asipolegeza, kuikataa fedha hiyo ni sehemu ya kazi.

Hatua ya 7: Mwili wa mtu si malipo

Mwaka 2002 taarifa kutoka Guinea, Liberia na Sierra Leone zilionyesha wahudumu wa misaada wakiwataka wasichana ngono kwa kubadilishana na chakula, sabuni na maturubai. Mwaka huo huo mashirika ya kimataifa yakapitisha misingi sita ya kuzuia jambo hili, na mwaka 2003 Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa akatoa waraka kwa watumishi wake. Yaliyomo yawekwe ukutani kwa lugha inayosomeka. Ngono na aliye chini ya miaka 18 imekatazwa, na kusema hukujua umri si utetezi. Kutoa fedha, kazi, bidhaa au upendeleo kwa ajili ya ngono kumekatazwa. Uhusiano unaotumia vibaya cheo ni marufuku. Ukishuku, unalazimika kuripoti.

Soma tena hiyo ya mwisho. Inasema ukishuku, uthibitisho si kazi yako. Usiende kumhoji msichana, usimkutanishe na mtuhumiwa, usifanye upelelezi. Mwathirika akikujia, msikilize, usimuulize maswali ya udadisi, na mweleze huduma zilizopo ili aamue mwenyewe. Kama amebakwa, muda ni mfupi: dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na za kuzuia mimba ndani ya saa 120, na mapema zaidi ndiyo bora. Kwa hiyo kila mfanyakazi, pamoja na mlinzi na mpishi, ajue zahanati gani ina dawa hizo usiku na nani wa kumpigia. Huduma ya afya haisubiri polisi wala uchunguzi wa ndani.

Njia za kulalamika ziwe zaidi ya moja. Sanduku la maoni pekee halimsaidii asiyeandika, na likiwekwa mbele ya ofisi kila mtu anaona nani amelisogelea. Ongeza namba ya simu isiyokata salio, mwanamke anayeaminika anayepatikana siku maalumu, na kikao cha kusikiliza. Kila lalamiko lijibiwe ndani ya muda mliotangaza. Kimya kikizidi, watu wanaacha kusema, na ofisi inaandika kwenye ripoti kwamba hakuna malalamiko.

Hatua ya 8: Taarifa na picha

Kusanya taarifa unazozihitaji kwa mgao huo tu. Kama kabila halibadilishi nani anapata hema, usiliulize. Orodha yenye majina, makabila na mahali watu wanapolala ni silaha ikiangukia mikono mibaya. Simu na kompyuta ziwe na nywila, karatasi zikae kabatini, na waliopewa ufunguo wajulikane. Ridhaa ya alama za vidole au picha ya uso iombwe kwa lugha anayoielewa mtu, na aweze kukataa bila kupoteza mgao.

Picha ya mtoto uchi anayelia huleta fedha. Ipigwe au isipigwe? Isipigwe. Jiulize ungekubali mwanao aonyeshwe hivyo kwa watu usiowajua, akiwa na jina lake na la kijiji chake. Mpige mtu akiwa anafanya kitu, kwa ruhusa yake, baada ya kumwonyesha picha yenyewe.

Hatua ya 9: Misingi ikigongana, andika

Tuseme mamlaka za eneo zinasema mtaingia mkiwapa orodha kamili ya majina ya wapokeaji. Ubinadamu unasema ingia, watu wana njaa. Kutodhuru, yaani wajibu wa kutomletea mtu madhara kwa msaada wako, kunasema orodha hiyo inaweza kutumika kuwasaka watu. Usiamue peke yako, na usiamue kwenye simu. Kaa na watu watatu hadi watano, mmoja wao akiwa mwenyeji wa eneo na mmoja anayefahamu usalama. Andika mnachojua na msichojua. Andika nani ataumia mkikubali, nani mkikataa, na lini.

Kisha tafuta njia ya tatu kwa bidii, maana mara nyingi ipo: kuwapa jumla ya watu kwa kila mtaa badala ya majina, kumruhusu afisa wao ashuhudie ugawaji bila kugusa daftari, kumwomba mwingine anayeaminiwa na pande zote azungumze nao. Waulize pia wenye majina yao. Mkiamua, andikeni uamuzi, sababu, nani aliyeamua, na tarehe ya kuuangalia upya. Tarehe hiyo ni muhimu kuliko inavyoonekana, kwa sababu makubaliano ya dharura yasiyo na mwisho hugeuka kuwa utaratibu wa kudumu. Daftari la maamuzi litamsaidia pia atakayekupokea kazi. Atakuta njia, hatalazimika kubahatisha.

Hatua ya 10: Kuondoka

Mpango wa kuondoka uandikwe mwezi wa kwanza na watu waujue. Tangazeni tarehe mapema, kwenye mkutano ule ule ambako mlitangaza vigezo, na mseme nani ataendesha bomba, nani atalipa wahudumu wa zahanati, na huduma ipi inakoma kabisa. Hii ya mwisho isemwe kwa maneno hayo hayo, bila kuizungusha. Kabidhini kwa vyama vya wenyeji vyenye uwezo, pamoja na vifaa na bajeti, maana kukabidhi majukumu bila fedha ni kumtupia mtu mzigo.

Lipeni madeni ya wenye nyumba, wachuuzi na vibarua kabla gari la mwisho halijatoka. Futeni taarifa za watu msizolazimika kisheria kuzihifadhi, na teketezeni karatasi mbele ya mashahidi wawili wanaosaini. Malalamiko yaliyo wazi yapewe mtu mwenye jina na tarehe ya kujibu. Namba ya malalamiko iendelee kupokelewa miezi kadhaa baada ya ofisi kufungwa, kwa sababu baadhi ya watu hupata ujasiri wa kusema pale tu aliyewaumiza anapokuwa ameondoka.